Chai Iliyoua Ndama

Maziwa yalipoanza kupanda, Béata aliacha kuchambua maharagwe. Hakutaka kutazama, lakini macho hayana pazia. Juu ya mbabula, lile jiko la makaa, ndani ya sufuria nyeusi kwa masizi, maziwa ya ng'ombe wao Gaju yalivimba, yakabadilika rangi kwa ajili ya majani ya chai, yakafika ukingoni. Kavira, mke wa mwanawe, alikuwa amechuchumaa hapo na kijiko mkononi, hana haraka na mtu. Yalipokaribia kabisa kumwagika akainua sufuria, yakashuka. Akairudisha motoni, yakapanda tena.

"Weye mutoto, unayachezea," Béata alisema.

"Sichezi, Mama. Ni mara tatu. Isipopanda mara tatu, iliki haitoke."

"Na siku itamwangika?"

"Haijamwangikaka hata siku moja."

"Bado," Béata akajibu, akarudi kwa maharagwe yake.

Watu wanaofuga katika milima hii ya Masisi hawaweki maziwa motoni. Béata alilijua hilo kabla hajajua kusali Baba Yetu. Maziwa hata yakishatoka kwenye titi bado ni ya ng'ombe, na anayeyaunguza humuunguza ng'ombe kule aliko. Titi hupasuka, au hukauka, au lililo tumboni huharibika. Unaweza kucheka ukipenda. Lakini Béata alikuwa na ng'ombe kumi na wawili, watu wenye bunduki wakaja mchana wakaswaga kumi na mmoja, na yule mmoja aliyebaki alibaki kwa sababu alikuwa anachechemea. Mtu wa namna hiyo hushika kila mwiko anaoujua, kwa kuwa hana kingine cha kushika.

Huyo aliyebaki ndiye Gaju. Sasa mguu ulikuwa umepona, naye alikuwa na mimba ya miezi saba. Na Kavira, baada ya miaka mitatu ya midomo ya watu, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Béata aliwaombea wote wawili katika sala moja, na yupi alianza kumtaja hilo hakumwambia hata padri.

Chai yenyewe Kavira alikuja nayo kutoka Walikale. Alikuwa akifagia na kuosha vyombo katika kambi ya askari wa Kihindi waliokuja kulinda amani, na mpishi mmoja mzee wa huko alikuwa akiwapikia wafagiaji chai kila saa kumi. Hawakuwa na lugha moja. Kavira alijifunza kwa macho tu: tangawizi inapondwa, haikatwi, iliki inapasuliwa, mbegu zake zinasagwa na mdalasini na pilipili manga kidogo, maji kwanza, maziwa baadaye, sukari mwishoni. Valens naye alikuwa Walikale akichimba mawe ya madini, kama vijana wengine wote. Siku aliporudi nyumbani Béata alitangulia kutazama mikono yake. Alikuwa na kopo la viungo na binti wa Butembo, basi.

"Wenziwe wanaletaka mabati," alipenda kusema. "Wa kwangu alileta harufu."

Alivumilia kwa sababu ya mzee. Sebahire, mumewe, alikuwa na homa iliyomjia kila jioni na kuondoka asubuhi, na mgongo uliomuuma hata kuvaa viatu ikawa kazi. Kwenye kituo cha afya walimpa dawa za malaria mara nne. Chai ya Kavira ndiyo iliyomfanya akae kitako, afute jasho, aulize habari za mlimani. Mwenye nyumba akishasema kitu ni kitamu, mke atafanya nini? Béata mwenyewe alikunywa maziwa mabichi asubuhi, kwa heshima, ameketi, kama alivyolelewa. Saa kumi alipokea kikombe cha chai "kwa kuonja tu". Alikuwa akionja hadi tone la mwisho, mwaka wa tatu sasa.

Siku ya balaa mgeni alikuwa Uwamariya, jirani wa upande wa chini, mwanamke ambaye habari zikimfikia hazilali. Alipiga hodi wakati maziwa yakipanda mara ya tatu. Kavira aligeuka kumpa kiti, kwa kuwa kumwacha mgeni amesimama nako ni aibu. Maziwa yakamwagika. Makaa yakalia tsss, moshi mweupe ukainuka, na harufu ya kuungua ikajaa uani.

Béata aliinuka, akang'oa majani, akayatupa juu ya makaa ili kumpoza ng'ombe, kama mama yake alivyokuwa akifanya.

"Pole, Mama," Kavira alisema. "Ni kidogo tu."

Uwamariya alikunywa kikombe chake chote, akashukuru, akaenda.

*

Siku ya tisa baada ya hapo Béata aliamka kukamua akakuta Gaju amesimama pembeni, kichwa chini, mkia umeinuka. Nyuma yake majanini kulikuwa na ndama. Alikuwa ameshaota manyoya, kwato zake laini kama kucha za mtoto, macho yamefumba. Alikuwa jike. Béata alipiga magoti akampangusa pua kwa kanga yake, ingawa aliona wazi kwamba hana pumzi. Ndama jike ni boma jipya. Alimlilia kwa sauti, bila haya.

Kavira alikuja mbio. Kondo la nyuma lilikuwa limekwama, linaning'inia. Valens alisimama mlangoni mwa zizi akashindwa la kufanya. Vijana wa siku hizi pikipiki wanaijua ndani na nje, ng'ombe hapana. Ni Kavira aliyekunja mikono ya blauzi, akapaka sabuni, akaingiza mkono akalivuta taratibu, tumbo lake limeegemea paja la ng'ombe, damu imemfika kwenye kiwiko.

"Tulia, Gaju. Tulia, mama. Imeisha," alikuwa akimbembeleza.

Béata aliona yote hayo. Kwa muda mfupi moyo ulimwambia: huyu mtoto ana mikono mizuri. Lau angelisema wakati ule. Lakini Uwamariya alikuwa ameshasikia kilio akafika, amejifunga kanga vibaya kwa haraka.

"Mama Valens, pole. Pole sana." Alimtazama ndama, akamtazama Kavira, akatikisa kichwa. "Mi nilikuwako siku ile maziwa ilimwangika ku moto. Nilisema mu roho yangu, hii haitapita bure."

Kufikia saa sita mlima mzima ulijua. Kufikia jioni habari ilifika mjini, na ilipofika ilikuwa imenenepa: binti wa Butembo anapika maziwa na dawa za Wahindi, ameua ndama wa mama mkwe.

*

Jumapili baada ya misa walikaa kikao sebuleni. Sebahire kwenye kiti chake, amejifunika koti. Valens kwenye benchi, kofia ya pikipiki magotini. Kavira chini, kwenye mkeka. Na Katembo, kaka yake Kavira, mwenye duka la sukari, chumvi na sabuni pale mjini Masisi, alikuwa amevaa shati la kanisani na kushika mfuko mweusi.

Béata ndiye aliyeanza. Hakupaza sauti. "Sina vita na mutoto yenu. Anafanya kazi, anaheshimu muzee. Lakini nilisema tangu mwanzo maziwa haipikwake. Nilisema ao sikusema?"

"Ulisema," Valens alijibu.

"Sasa ndama iko wapi?"

Kavira aliinua kichwa. "Mama, mi sina ubishi na weye. Lakini maziwa haina kamba yenye kuenda mpaka ku titi. Wahindi kule kwabo ngombe njo wanaheshimiaka kupita kitu yote. Hawaichinje, hawaipige. Na maziwa wanachemsha kila siku ya Mungu. Ngombe zabo zingeisha zamani."

Sebahire alicheka. Kicheko chake kiligeuka kikohozi, lakini kilikuwa kicheko. "Anasema kweli, huyu. Hapo umujibu, Béata."

Na hakuna kitu kinachokera kama kukosa jibu mbele ya mume anayecheka na mkwe mwenye duka. Uso ulimwaka moto. Kabla ya kicheko kile alikuwa tayari kusikilizana.

Katembo alijua biashara, na biashara ni kusoma uso wa mtu. Alifungua mfuko wake haraka akatoa kopo kubwa la maziwa ya unga, jipya, lina picha ya mtoto mnene. Akaliweka mezani kwa mikono miwili.

"Mama, Papa, tusigombane. Mi niko mucuruzi, mutu wa duka, wateja wangu wote ni wafugaji, sitaki jina mubaya. Muone hii. Hii haina ngombe. Kavira apikie Papa chai na hii. Yenye kutoka kwa Gaju ibaki ya kunywa namna yenu. Ikiisha, nitaleta ingine. Sitaomba kitu."

Lilikuwa neno la busara. Sebahire alinyoosha mkono kulishika kopo. Valens alishusha pumzi. Hata Kavira alitabasamu.

"Mu nyumba ya Sebahire?" Béata aliuliza.

Akalisogelea kopo.

"Mu Masisi hii? Watu wa Goma wanakuja mpaka hapa kutafuta maziwa yetu na furomage yetu ya maziwa ya kugandishwa, na miye watu wanikute niko nafungua boite ya unga? Waseme kwa Sebahire ngombe iliisha, wanakunywa unga?" Alilisukuma kopo kwa kidole kimoja hadi likafika mbele ya Katembo. "Rudisha ku duka yako, Papa Katembo. Uuzie wakimbizi."

Alijua kwamba amesema vibaya. Wakimbizi pale mjini walikuwa watu wa mlima wao wenyewe. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na Katembo akarudisha kopo mfukoni, masikio yamemwiva, akifikiria wateja wake.

"Basi, dada," alimwambia Kavira bila kumtazama. "Uko mu nyumba ya watu. Ufuate namna ya nyumba."

"Kaka?"

"Ufuate. Unataka duka ifungwe juu ya chai?"

Hivyo ikaamuliwa: maziwa ya Gaju hayatagusa moto tena. Na ili kinyongo kiishe, Kavira atakunywa na mama mkwe kutoka chombo kimoja. Béata alikwenda akaleta icyansi, kile chombo cha mti alichopewa na mama yake siku ya kuolewa, kimejaa maziwa ya asubuhi ile. Alikunywa kidogo, akampa.

Kavira hakuwa amewahi kunywa maziwa mabichi. Kwao Butembo walikuwa watu wa duka na gari, na Walikale aliyajua maziwa ya kuchemshwa tu. Alimtazama mumewe. Valens alikuwa akikuna kofia yake kwa ukucha. Basi akakaa vizuri, miguu pamoja, akakishika chombo kwa mikono miwili kama alivyoona wengine wakifanya, akanywa. Hakuishia nusu. Alikunywa mpaka mwisho, povu likambaki juu ya mdomo.

"Iko tamu, Mama," alisema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayetaka kupendwa: "Kesho utanipatia tena?"

Béata alishindwa kujizuia, akamfuta povu kwa kidole gumba.

"Kila siku, mukazana wangu, mukwe wangu. Kila siku."

*

Na Gaju akaleta maziwa. Hakuna aliyetegemea. Ng'ombe aliyetupa mimba huweza kukauka kabisa, lakini huyu matiti yalijaa, asubuhi na jioni, icyansi ikafurika. Béata alitoka zizini akinyanyua chombo juu ili hata walio mlima wa pili waone. Kama mtu alitaka ushahidi, ushahidi ndio huo: moto umezimwa, titi limefunguka.

Siku zile zilikuwa nzuri, na ubaya wake ndio huo. Béata hakuwahi kuwa na binti. Sasa kila asubuhi aliketi na Kavira kwenye kizingiti, mmoja akinywa, mwingine akitazama, akimfundisha majina ya rangi za ng'ombe na jina la kila ng'ombe kati ya wale kumi na mmoja walioswagwa. Kavira alimfundisha kusuka nywele namna ya Butembo. Kwenye kituo cha afya walimwambia Kavira mama mjamzito anywe maziwa, naye alirudi akicheka. "Mama, wamekusifu bila kukujua." Béata alimwongezea kikombe cha jioni.

Aliyeteseka ni Sebahire. Kavira alimpikia chai kavu, tangawizi na iliki vile vile, ila haina maziwa. Mzee alionja, akaimwaga majanini.

"Hii ni maji ya kuoshea vikombe."

"Njo iko, Papa. Tuvumilie."

"Mi ninavumilia tangu nilioa," alisema Sebahire, akajifunika koti.

Juma la nne Kavira alianza kutokwa na jasho jioni. Alilalamika mgongo. Asubuhi alikuwa mzima, akafagia, akateka maji. Jioni alikaa karibu na mbabula akitetemeka. Béata alimfunika.

"Ni mimba. Na miye Valens alinipiga mugongo hivi hivi."

"Mama, ni kama ya Papa. Naona kama ni ile ya Papa."

"Papa ni uzee. Weye ni mutoto ndani. Kunywa, upate nguvu."

Naye akanywa. Siku nyingine alisita, akakunja uso akaomba apumzike kidogo kwanza. Béata mwenyewe alimshikia chombo mdomoni, kwa upendo, mkono mwingine ukimshika kisogo kama mtoto mdogo. Hakuna aliyemtuma. Alifanya hivyo kwa mikono yake.

*

Maumivu yalianza Jumatano, kabla ya adhuhuri. Kwenye kituo cha afya waliona damu wakasema wao hawawezi, aende hospitali kubwa. Valens alimpakia mkewe kwenye pikipiki, katikati, Béata nyuma akimshikilia kiunoni, wakashuka barabara ile ya matope, kwa kila shimo Kavira akitaja jina la Bikira Maria. Kwenye kizuizi walisimamishwa wakaulizwa wanakwenda wapi, na kijana mwenye bunduki akataka kwanza kitu cha soda. Sake wakapata gari. Walipofika Kirotshe, penye hospitali, ziwa lilikuwa limetulia, watu wanauza samaki kando ya njia, na kiti cha gari kilikuwa kimelowa damu.

Mtoto alikuwa mvulana. Alizaliwa kimya. Béata ndiye aliyemfunga kitenge.

Kesho yake daktari aliwaita kando ya kitanda. Alikuwa kijana mpole, anaitwa Dokta Guy, mwenye tabia ya kuuliza akiandika bila kuinua macho.

"Nyumbani munafuga?"

"Ngombe moja," Valens alisema.

"Ilizaa lini?"

Valens alimtazama mama yake. Béata alitazama dirisha.

"Haikuzaa," Valens alijibu. "Iliharibu mimba. Karibu miezi mbili sasa."

Kalamu ya daktari ikasimama. "Nani alisaidia kutoa kondo?"

"Ni miye," Kavira alisema kutoka kitandani.

"Na maziwa yake, munakunywaka namna gani? Mubichi?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka kusikiliza, kwa kuwa wodini hakuna siri.

"Mubichi," Béata alisema hatimaye.

Daktari alieleza polepole. Ni ugonjwa wa ng'ombe, kwa Kifaransa unaitwa brucellose. Unaharibu mimba ya ng'ombe, unakaa ndani ya maziwa, hasa akishatupa mimba. Mtu akiyanywa, anapata homa ya jioni, jasho, mgongo, na wengi hudhani ni malaria. Mama mjamzito anaweza kupoteza mtoto. Damu ya Kavira wameipima, ndio wenyewe. Pengine aliupata siku ya kondo, lakini kunywa kila siku namna ile, asubuhi na jioni, ndiko kunakotosha. Nyumba nzima waje wapimwe, nao watameza dawa majuma sita. Valens alipomtaja mzee na homa yake, daktari akasema huyo ndiye wa kwanza.

"Ngombe aliipata wapi?" Valens aliuliza.

"Kwa ngombe ingine. Ao kwa dume. Alikuwa nayo tangu zamani, hata kabla ya mimba hii."

Béata alikuwa amekaza mikono magotini. "Na ikichemshwa?" aliuliza.

"Ikichemshwa hakuna shida. Moto inaua yote."

"Hata yenye kupanda tu, inashuka, inapanda? Mara tatu?"

Daktari aliinua macho kwa mara ya kwanza. Akatabasamu, maskini, hakujua anachokigusa. "Mara tatu, Mama? Hapo haibaki kitu. Yenye alikufundisha hivyo alikufundisha vizuri."

Daktari akaondoka. Valens alitoka nje akisema anatafuta maji. Béata alitamani Kavira alie, apige kelele, amtukane. Angejua la kufanya na matusi. Kavira alikuwa akitazama dari tu.

"Mama, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ku centre, kule mujini, wanasema miye njo niliua ndama. Kwa duka ya kaka wafugaji wengine hawaingie tena. Anataka kunipeleka Butembo kwetu." Alipumzika, maneno yalikuwa yanamchosha. "Mi sitaki kuenda. Valens ni bwana yangu na weye uko mama. Ila utawaambia. Useme mbele yao yenye docteur alisema. Ukisema, nitabaki."

"Nitasema, mutoto wangu."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

*

Wanawake wa mlimani walikuja kutoa pole Jumamosi. Walikaa uani kwenye mikeka, wamefunga vilemba, kila mmoja ameleta kitu: viazi, maharagwe, sabuni. Ndani, Sebahire alikuwa amelala na dawa zake. Katembo alikuwa amefika na pikipiki ya kukodi tangu asubuhi, amekaa nje ya ua kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo. Mfuko wa Kavira ulikuwa mlangoni, nguo zimo, lakini mdomo wake haukufungwa. Kavira mwenyewe alikuwa ameegemea mwimo, mwembamba ndani ya kitenge, akingoja.

Walisali. Wakaimba wimbo mmoja. Kisha Uwamariya akajikohoza.

"Mama Valens, pole tena. Sasa docteur alisema ilikuwa nini?"

Vilemba vyote viligeuka.

Béata alifungua mdomo. Alikuwa ameyapanga maneno tangu Kirotshe, njia nzima. Ilikuwa kusema tu: ni maziwa ya Gaju, yalikuwa na ugonjwa, mwenye kuyachemsha alikuwa sahihi. Sentensi moja. Lakini alipoziona nyuso zile akaona na kitakachofuata. Watamuuliza: na nani alimnywesha? Watakumbuka alivyokuwa akiinua icyansi juu ili waone. Watahesabu kopo alilolisukuma kwa kidole. Watasema Béata, mtu wa ng'ombe, binti wa watu wa ng'ombe, alimlisha mjukuu wake kifo asubuhi na jioni, na hata alimshika kisogo. Na watakuwa wamesema kweli.

"Mungu njo anajua," alisema.

Wanawake wakaitikia kwa kichwa. Uwamariya alitikisa chake kwa huzuni ya kweli kabisa, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye uhakika.

"Eeh. Ile moto haikuishia ku ngombe. Nilijua."

Béata hakusema ndiyo. Hilo alijikumbusha baadaye mara nyingi, kwamba hakusema ndiyo. Alimtafuta Valens kwa macho. Valens alikuwa na habari zote, alikuwepo wodini, na angeweza kusema mbele yao wote. Valens alikuwa ameinama anakaza msumari wa kiti ambao haukulegea.

Mlangoni, Kavira alivuta kamba ya mfuko akaufunga. Alifunga mara mbili. Hakulia na hakumtazama mumewe, ambaye sasa ndipo aliposimama, akachukua ule mfuko akaupeleka kwenye pikipiki, mradi mikono yake ipate kazi. Kavira alipita kati ya wanawake akiwaaga mmoja mmoja kwa mkono, kama alivyofundishwa, nao wakampa mkono kwa ncha za vidole. Katembo alikuwa ameshapanda.

Alipofika kwa Béata aliinama. Béata alidhani atalaaniwa, akafumba macho, na kwa kweli alikuwa anaomba alaaniwe.

"Mama," Kavira alisema kwa sauti ndogo, "maziwa ya Papa uchemshe."

Akanyanyuka akaenda. Pikipiki ikawaka, ikashuka mlima, ikasikika kwenye kona ya kwanza na ya pili.

Uwamariya aliinama mbele, sikio limetangulia. "Alisema nini?"

Béata alijipangusa uso kwa ncha ya kanga.

"Ananiaga," alisema. "Ananiaga tu."